Majibu ya Jumanne na Alhamisi

Simu ya kwanza ilikuja Jumanne, muda mfupi baada ya chakula cha mchana, ukungu ukiwa bado haujaachia madirisha ya ofisi yetu. Aliyepiga alikuwa mama muuguzi mkuu wa kliniki yetu ya Makambako. Hakunisalimu kwanza, jambo ambalo si kawaida yake wala si kawaida ya watu wa huku.

"Binti, kompyuta yenu inasema uongo," alisema.

Nikamuuliza uongo gani. Akanieleza kwamba asubuhi ile alituma Njombe damu ya mwalimu mmoja mstaafu, mtu anayemfahamu miaka mingi, aliyefika kliniki macho yakiwa ya njano kama kiini cha yai. Sasa majibu yamefika kwenye skrini, na skrini inasema ini la mwalimu halina neno. Yeye hakuamini. Akapiga simu maabara, mtaalamu akamsomea namba kutoka kwenye karatasi iliyotoka kwenye kipimo, na namba hizo zilikuwa za mgonjwa hasa.

"Sasa niambie, ni nani ameandika haya ninayoyaona hapa?"

Nikamwomba asubiri. Nikafungua faili la mwalimu kwenye kompyuta yangu. Majibu niliyoyakuta yalifanana na karatasi ya maabara, namba kwa namba.

"Mama, mimi hapa naona majibu sahihi. Yaleyale uliyosomewa."

Nilisikia lori likipunguza gia nyuma yake, maana kliniki iko karibu na barabara kuu.

"Basi wewe umeona yako, na mimi nimeona yangu," alisema, akakata simu.

Wakati huo nilikuwa na mwaka wa tatu kama msimamizi wa mifumo ya kompyuta katika hospitali ya misheni iliyo nje kidogo ya mji wa Njombe. Kliniki ya Makambako ni tawi letu. Haina maabara kubwa, kwa hiyo kila asubuhi gari huleta sampuli za damu hospitalini kwetu, na mchana muuguzi wa kule hufungua kompyuta kusoma majibu. Mfumo huo niliufunga mimi mwenyewe, na nilikuwa najivunia.

Ukiingia kwenye chumba cha seva unaona sanduku moja jeusi linalovuma. Lakini ndani yake mnakaa kompyuta kadhaa zisizo na mwili, kila moja ikifanya kazi kana kwamba iko peke yake duniani: moja ya maabara, moja ya dawa, moja ya kumbukumbu za wagonjwa. Tunaziita mashine pepe. Zinaunganishwa na mtandao ambao nao ni pepe, hauna waya wa kushika kwa mkono. Kila mashine ina anwani yake, mafungu manne ya tarakimu yaliyotenganishwa kwa nukta, na anayetaka majibu ya maabara kompyuta yake hupiga hodi kwenye anwani hiyo. Pale hospitalini tulipita njia ya ndani, tukiiita mashine kwa jina. Makambako niliwapa namba tu. Niliiandika mwenyewe kwenye kompyuta yao siku ya kufunga mfumo, nikaondoka.

Baada ya simu ile nilikaa nikapekua. Mfumo wetu huweka kumbukumbu ya kila anayegusa majibu, saa na dakika. Kwenye faili la mwalimu sikukuta mtu yeyote aliyebadilisha kitu. Majibu yaliingizwa mara moja, na mtaalamu wa maabara, yakakaa hivyo. Kwa hiyo, nilijiambia, kama hakuna aliyebadilisha, basi hayo majibu ya uongo hayakuwahi kuwapo. Na kama hayakuwahi kuwapo, anayesema aliyaona anasema uongo.

Leo nikiandika maneno hayo nasikia aibu, lakini wakati ule niliyaona yamenyooka kabisa.

Kuna sababu za mimi kumtazama mama yule kwa jicho la pembeni. Tulipoleta kompyuta Makambako, yeye ndiye aliyesimama kwenye kikao akasema karatasi haijawahi kukatika umeme. Watu walicheka, mimi sikucheka. Baada ya hapo aliendelea kuandika majibu yote kwenye daftari kubwa la kaunta, mstari kwa mstari, ingawa katibu wa hospitali alishamwambia hakuna haja. Na kuna jingine ambalo sikumwambia mtu. Hospitali yetu ni ya Wakatoliki, nami nimelelewa katika familia iliyoishi kuzunguka misheni tangu enzi za babu yangu. Yeye ni Mlutheri, mzee wa kanisa kwao. Hakuna aliyewahi kugombana na mwenzake kwa ajili hiyo, na dawa tunazotoa ni zilezile. Lakini shaka ikishaingia moyoni huokota kila kinachopita, na yangu iliokota hilo pia.

Alhamisi ya wiki ileile akapiga tena. Safari hii ni mtoto wa shule mwenye homa ya siku nyingi. Skrini ilisema damu yake safi, maabara ikasema si safi. Nikafungua, nikakuta majibu ya maabara yako palepale, hayajaguswa.

"Unaona nini?" aliniuliza.

"Naona sahihi, mama."

"Hata mimi sasa hivi nimefungua tena, naona sahihi. Lakini robo saa iliyopita haikuwa hivi."

"Labda ulifungua faili la mgonjwa mwingine."

Sauti yake ikawa ndogo, ya mtu anayejizuia. "Binti yangu, nimesoma majina ya wagonjwa kabla wewe hujazaliwa."

Wiki mbili zilizofuata ziliniletea simu nyingine tatu. Nikaanza kuandika siku zake kwenye karatasi, nikaibandika ndani ya mlango wa kabati ili mtu asiione. Jumanne, Alhamisi, Jumanne, Jumanne, Alhamisi. Kisha nikaomba orodha ya zamu za kliniki. Wauguzi wawili walikuwa wakipokezana kusoma majibu. Yule kijana alisoma Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, na kwake hapakuwa na lalamiko hata moja. Mama alisoma Jumanne, Alhamisi na Jumamosi.

Niliitazama orodha ile kwa muda mrefu. Jumamosi zilikuwa safi, na hilo lingepaswa kunisimamisha. Nikajiambia Jumamosi wagonjwa ni wachache, hapati nafasi ya kufanya anachofanya. Yaani hata kilichomtetea nilikigeuza kikawa cha kumshtaki.

Nikaenda kwa katibu wa hospitali. Ni mtu mpole, anayevaa sweta la kijivu mwaka mzima, na husikiliza huku akiwa amefumba macho. Nikamwekea karatasi zangu mbele.

"Unataka kusema anatunga?" aliniuliza.

"Sisemi anatunga, mzee. Nasema kwenye mfumo hakuna kosa, na malalamiko yote ni ya mtu mmoja. Mtu ambaye tangu mwanzo hakuutaka."

Akafumbua macho. "Faida yake ni nini?"

"Turudi kwenye karatasi."

Akaniambia niende Makambako kimyakimya, nikakae naye siku moja ya zamu yake, nione kwa macho yangu.

Nilikwenda Jumanne iliyofuata. Makambako upepo haupumziki. Nilishuka nikiwa nimejifunga kitenge juu ya koti, vumbi likinichapa usoni, malori yamepanga foleni hadi njia panda. Mama alinipokea mlangoni.

"Kamwene," alinisalimu kwa Kibena.

"Kamwene, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Umekuja kutengeneza au umekuja kutazama?"

Nilisema nimekuja kuangalia mtandao. Akanitazama sekunde mbili zaidi ya kawaida, akanionyesha kiti. Nikakaa kwenye kona ya chumba chake kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi jioni, kompyuta yangu magotini, nikijifanya napima kasi. Kwa kweli nilikuwa natazama vidole vyake. Nilitazama anavyoandika nywila yake, anavyofungua faili, anavyonakili namba kwenye daftari lile. Kila alipoinuka kwenda kwa mgonjwa, nilisogea nikachungulia skrini. Alijua. Mara moja alirudi ghafla akanikuta nimeinama juu ya meza yake. Alichukua miwani yake, akaifuta kwa pindo la gauni, akaivaa, akasubiri nitoke njiani.

Siku nzima hapakutokea kosa hata moja. Kila jibu lilifanana na la maabara.

Nilirudi Njombe jioni ile na furaha mbaya. Nilikuwa na ushahidi: nikiwapo mimi, mfumo ni mzima, nikiondoka, unaharibika kwenye mikono yake. Nikaandika taarifa ya ukurasa mmoja. Sikuandika neno "uongo". Niliandika "dalili za matumizi yasiyo sahihi", maneno ambayo kwenye karatasi ya ofisi yana ukali kuliko tusi. Nikapendekeza nywila yake isimamishwe kwa muda na majibu yote yasomwe na muuguzi kijana. Katibu alisita, akasaini.

Alhamisi nikarudi Makambako kumfundisha muuguzi kijana kazi ya ziada. Nilipofika niliambiwa kijana amekwenda Kifanya kwenye msiba, atarudi kesho. Kwa hiyo siku ile, kwa kuwa mama hakuruhusiwa kugusa kompyuta, nilikaa mimi kwenye kiti chake. Yeye alikaa kando yangu, mikono ameikunja mapajani. Barua ya kumsimamishia nywila alikuwa ameshaipata. Ilikuwa imekunjwa mara mbili, imebanwa chini ya kopo la kalamu, na hatukuizungumzia.

Mnamo saa saba mchana akaingia kufuata majibu yake mama mjamzito mwenye miaka ishirini na kidogo, amesindikizwa na dada yake. Walitoka kijiji cha ndani, upande wa Ilembula. Miguu ilikuwa imevimba hadi viatu havivaliki, amevaa kandambili za mtu mwingine. Presha yake ilikuwa juu tangu asubuhi, na damu yake ilipelekwa Njombe kwa gari la kwanza, kupimwa figo na ini. Alikuwa akijishika paji la uso.

"Kichwa bado?" mama muuguzi alimuuliza.

"Bado. Na naona vimulimuli."

Mama akanigeukia. "Soma."

Nikafungua faili lake. Majibu yalikuwapo, ya tarehe ileile. Nikasoma kwa sauti: figo nzima, ini zima, damu nzuri. Nikahisi kitulizo, nikageuka kumwambia yule dada kwamba hali si mbaya.

Mama muuguzi akainua mkono. "Usiseme kitu kwanza. Mimi siamini."

"Mama, majibu haya hapa. Nimeyafungua mwenyewe."

"Mtazame uso."

"Mimi si muuguzi, mama."

"Ndiyo maana nakwambia mtazame uso. Piga simu maabara."

Nitasema ukweli: nilisita. Nilidhani anataka kunitega mbele ya wagonjwa. Kwa muda mfupi nilifikiri kwamba hata simu hiyo huenda amepanga na mtu wa maabara. Yeye hakunisubiri. Alichukua simu yake mwenyewe, akapiga, akaweka sauti ya nje.

Mtaalamu wa maabara akasoma kutoka kwenye karatasi. Namba ya kwanza aliyoisoma haikuwa niliyokuwa naiona. Ya pili pia. Mama alikuwa anaandika huku midomo ikijibana. Kabla mtaalamu hajamaliza, alishamwita dereva wa gari la wagonjwa kwa ishara ya mkono kupitia dirishani, na akaanza kuandaa dripu.

Mimi nilibaki nimekodolea skrini macho. Hakuna mtu aliyegusa kompyuta ile siku hiyo isipokuwa mimi. Mikono ya mama ilikuwa mapajani muda wote.

Ndipo nikasoma hadi chini ya ukurasa, mahali ambapo jina la aliyeingiza majibu huandikwa kwa herufi ndogo. Hapakuwa na jina la mtaalamu wa maabara. Paliandikwa: mkufunzi.

Mkufunzi nilikuwa mimi.

Miezi michache kabla ya hapo, nilikuwa nimetengeneza nakala ya mashine ya maabara kwa ajili ya kuwafundishia wafanyakazi wapya. Kunakili mashine pepe ni kazi rahisi, unabofya mara kadhaa, unasubiri, unapata pacha wake. Darasa lilifanyika hospitalini Njombe. Ili wanafunzi wazoee kazi halisi, nilipanga orodha ya vipimo vya asubuhi inakiliwe kwenye mashine ya mafunzo, nao wajaze majibu ya kubuni. Niliwaambia wajaze namba za mtu mwenye afya, kwa sababu ndizo zilizokuwa mbele ya kitabu changu cha mfano. Wote waliingia kwa akaunti moja, ya mkufunzi. Na darasa lilikuwa siku za Jumanne na Alhamisi.

Nikapiga simu Njombe kwa mwenzangu tunayefanya naye kazi ofisi moja. Siku hiyo alikuwa ananishikia darasa.

"Mashine ya mafunzo imewashwa?"

"Imewashwa tangu saa tatu. Wanafunzi wako hapa."

"Na Jumanne, nilipokuwa huku, ulifundisha?"

"Jumanne? Hapana, si uliahirisha mwenyewe? Ulisema unasafiri."

"Izime," nilimwambia. "Izime sasa hivi."

"Wanafunzi wako katikati ya..."

"Nakuomba, izime."

Nilisubiri, nikafungua upya faili la yule mama mjamzito. Majibu yakabadilika mbele ya macho yangu, yakawa yale ya kutisha yaliyosomwa kwenye simu, na chini yake jina la mtaalamu wa maabara.

Mama muuguzi alikuwa amesimama nyuma yangu, dripu mkononi. Aliona yote. Alitoa lile daftari la kaunta, akalifungua mahali palipowekewa alama ya uzi, akaliweka juu ya kibodi.

Kwa kila siku ya malalamiko alikuwa ameandika namba alizoziona, namba alizosomewa kwa simu, saa, na pembeni kabisa, kwa kalamu nyekundu: imeingizwa na mkufunzi. Imeingizwa na mkufunzi. Ukurasa baada ya ukurasa.

"Mkufunzi si ndiye wewe?" aliniuliza.

"Ndiye mimi."

"Ulipokuja Jumanne ukakaa hapo kwenye kona, nilidhani umekuja kuona kama nimegundua. Nilikuwa nimekwisha kumwambia mume wangu kwamba yule binti anabadilisha majibu ya watu, sijui kwa nini."

"Mbona hukuniambia neno hilo kwenye simu, mama? Hilo la mkufunzi?"

"Nikuambie wewe? Mwizi anapelekewa taarifa ya wizi?"

Hakutaka jibu, mgonjwa alikuwa anangoja.

Niliondoka na gari la wagonjwa, nimekaa karibu na dereva, mama muuguzi nyuma na mgonjwa. Sikumbuki barabara. Nakumbuka sauti ya mama kupitia kidirisha, akimwongelesha yule mjamzito bila kukoma ili asilale, akimuuliza viazi vyao vimekomaa kiasi gani, ng'ombe wangapi, nani atamlea mtoto wa kwanza wakati yeye yuko hospitali. Alifanyiwa upasuaji alasiri ileile. Mtoto alizaliwa mdogo sana, wa kike, akakaa kwenye chumba cha joto cha watoto njiti majuma kadhaa. Wote wawili walitoka hospitali kwa miguu yao, au niseme mmoja kwa miguu na mwingine mgongoni.

Usiku ule sikulala, na kesho yake asubuhi nilifungua seva nikaanza kutafuta mzizi. Kosa lilikuwa dogo kiasi cha kuudhi. Anwani za mashine zangu hazikuwa za kudumu. Zilikuwa zinagawiwa na mtandao wenyewe: mashine ikiwaka inajitambulisha, inapewa anwani. Mashine ya maabara ilipata anwani ileile kila mara kwa sababu mtandao uliukumbuka utambulisho wake, nami nikaichukulia kumbukumbu hiyo kama ahadi. Nilipotengeneza pacha, nilinakili kila kitu, pamoja na utambulisho. Kwa hiyo kila pacha alipowashwa, alijitambulisha kwa maneno yaleyale, na mtandao ukampa anwani ileile. Mashine mbili zikawa zinaitikia hodi moja. Makambako walipopiga hodi, mara aliitika wa kweli, mara aliitika wa mazoezi. Hata nywila ya mama ilifanya kazi kwa wote wawili, kwa kuwa nayo niliinakili. Sisi wa hospitalini tulikuwa tunapita njia ya ndani, kwa jina, hatukuwahi kukutana na pacha. Na kumbukumbu nilizopekua kwa siku nyingi zilikuwa za mashine ya kweli. Ya mazoezi sikuifungua hata mara moja, kwa sababu nilikuwa namtafuta mtu.

Nilifuta utambulisho wa pacha akajitengenezea wake. Kila mashine nikaitengea anwani yake kwenye mtandao pepe, kwa namba ya kadi yake ya mtandao, isipewe nyingine yoyote. Mashine ya mafunzo nikaihamishia kwenye mtandao wake yenyewe, usio na njia ya kwenda Makambako, na skrini yake nikaipaka rangi ya machungwa. Majina ya wagonjwa halisi nikayaondoa darasani, jambo ambalo lilipaswa kufanyika siku ya kwanza. Kisha nikazima kila kitu na kuwasha tena, mara nyingi, kwa mpangilio tofauti, pacha kwanza, pacha mwisho, zote kwa pamoja kama umeme unavyorudi. Kila mara niliandika anwani kwenye karatasi. Hazikusogea.

Katibu alinisikiliza macho yamefumbwa, kama kawaida yake. Nilipomaliza akasema, "Tutaandika kwamba mtandao ulisumbua."

Nilitamani sana kukubali. Maneno hayo yasingekuwa hata uongo. Lakini mama muuguzi alikuwa ameshafika, ameketi nje kwenye benchi, amevaa viatu vyake vya kanisani. Aliingia bila kuitwa.

"Barua ilisomwa na watu wangapi?" alimuuliza katibu.

"Wachache tu, mama."

"Muuguzi kijana ameisoma. Dereva ameisoma. Mfagizi wa kliniki ananiangalia nikipita kwenye dawa." Kisha akanigeukia mimi. "Sitaki unipigie magoti. Nataka uandike nyingine, na uisome mwenyewe kwenye kikao cha asubuhi. Useme ulichofanya, kwa Kiswahili cha kueleweka, usijifiche kwenye mambo ya mitambo."

Niliisoma Jumatatu iliyofuata, mbele ya madaktari, wauguzi, masista na wafanyakazi wa jikoni. Nilisema nilitengeneza mashine mbili zikatumia anwani moja. Nilisema majibu ya uongo yalikuwa ya darasa langu. Nilisema nilimshuku mtu asiye na kosa, nikamtazama vidole siku nzima, nikamwandikia barua, na kwamba ni yeye aliyeokoa mgonjwa ambaye mimi nilikuwa karibu kumrudisha nyumbani. Sauti ilinikatika sehemu moja tu, na si sehemu niliyoitarajia. Ilikuwa pale niliposema "mzee wa kanisa", maneno ambayo hayakuwamo kwenye karatasi. Watu hawakuelewa kwa nini nimeyataja. Nadhani yeye alielewa.

Nywila yake ilirudishwa siku hiyohiyo. Daktari mkuu akaagiza majibu yote ya hatari yathibitishwe kwa simu, na utaratibu wa daftari la kaunta ukapelekwa hadi zahanati yetu ya upande wa Matamba.

Mwezi mmoja baadaye nilikwenda Makambako kukagua mtandao. Kazi iliisha mapema. Gari la sampuli lilikuwa limeharibika, na mama aliposikia kwamba narudi Njombe kwa basi, aliniomba nimbebee boksi la sampuli za mchana. Nilifurahi kuombwa, kuliko nilivyotaka ionekane. Nikanyoosha mikono.

"Ngoja," alisema.

Akalizungushia boksi plasta, ya kutoka kwenye kabati la vidonda, mzunguko mmoja na wa pili. Juu ya maungio akasaini kwa kalamu, nusu ya sahihi kwenye plasta, nusu kwenye boksi. Akatazama saa, akaiandika. Kisha akapiga simu maabara mbele yangu, akawaambia boksi linakuja na nani, limesainiwa vipi, na waliangalie kabla ya kulifungua.

"Safari njema, binti yangu," alisema, akanikabidhi.

Nililipakata hadi Njombe. Maabara walilipokea, wakaligeuza upande huu na upande ule, wakaikagua sahihi, wakampigia. Nilikaa kwenye kiti cha mlangoni nikisubiri hadi nilipomsikia akisema, upande wa pili, kwamba sasa wanaweza kufungua.